Tokeni zinaenda wapi? Anza na kile kinachochemsha na kile kinachopoza

Kama uko Kisumu na unanunua tokeni za stima hii maneno umeisikia, labda hata wewe mwenyewe umeisema: "Nimeweka ya elfu moja juzi tu na saa hii mita inasoma kumi na mbili, kuna kitu inakula." Na ushauri ukianza kumiminika huwa ni ule ule, chomoa chaja, zima taa ya sitting room, watoto waache katuni. Hapa Migosi ni hivyo, kwa dada yangu Nakuru ni hivyo hivyo, na mimi inaniuma kweli kwa sababu unapata familia inakaa gizani jioni nzima, mtoto anafanya homework na tochi ya simu, halafu asubuhi watu wanne wanaingia bafuni mmoja baada ya mwingine na ile shawa ya stima inafanya kazi dakika arobaini mfululizo. Hiyo taa waliyozima haikuwa na hatia yoyote.

Wacha tuongee hesabu kidogo, na si ngumu, mtoto wa grade five anaiweza. Kila kitu cha stima kina kibandiko mahali, chini, nyuma ama kwa plagi, na hapo kuna namba yenye herufi W, hizo ndizo wati. Chukua wati, zidisha na masaa unayotumia, gawanya na 1000, umepata yuniti. Basi. Pasi ya wati 1000 ikikaa moto lisaa limoja ni yuniti moja. Bulbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya masaa 110 ndio imalize yuniti hiyo moja. Simu ya betri ya 5000 ukiichaji kutoka sufuri mpaka ijae, pamoja na ile inayopotelea kwa chaja kama joto, haifiki hata yuniti 0.03, kwa hivyo ukiichaji kila siku mwezi mzima bado hujamaliza yuniti moja. Sasa linganisha hiyo na shawa ya wati 5500 alafu uniambie ni nani tunafaa kuwa tunamgombeza.

Ndio maana mimi mtu akiniuliza stima yake inaenda wapi siulizi kuhusu taa, nauliza vitu viwili: una nini cha kuchemsha na una nini cha kupoza? Joto na baridi ndivyo vinakula. Shawa, birika, koili, pasi, friji, friza. Vingine vyote, TV, wufa, simu, laptop, ni vya kuja kuangalia baadaye. Kuna kikundi cha tatu cha vitu vidogo lakini havizimwi kamwe, hivyo nitavifikia.

Tuanze na shawa kwa sababu hapo ndipo pesa iko. Hizi instanti tunazofungiwa kwa nyumba za kupanga nyingi ni kati ya wati 3500 na 5500 hivi. Tuseme yako ni 5500 na mtu anaoga dakika 10, hiyo ni karibu yuniti 0.9 kwa mtu mmoja. Watu wanne ni yuniti tatu na nusu na kitu kwa siku. Kwa mwezi ni kama yuniti 110. Soma tena hiyo, yuniti 110, kuoga tu, kabla hujawasha hata taa moja ndani ya nyumba. Ukipunguza kila mtu akaoga dakika 5 umerudisha yuniti 55, na hakuna bulbu, chaja, wala TV utazima ikurudishie kitu kama hicho.

Na sisi watu wa Kisumu tuna bahati ambayo hatuitumii. Nakuru iko juu, asubuhi maji yanakung'ata, huyo dada yangu siwezi kumwambia aogee baridi saa kumi na moja na kitu mwezi wa saba, atanifungia simu. Lakini hapa kwetu tanki liko juu ya paa linapigwa na jua kutoka asubuhi, na ukifungua mfereji saa kumi na mbili jioni maji yanatoka vuguvugu yenyewe. Kuoga jioni badala ya asubuhi, hiyo peke yake. Na hata ukiwasha, ile swichi ya shawa ina sehemu mbili za moto, wengi wameiweka ile ya juu kabisa na hawajawahi kuigusa tangu wahamie, halafu wanafungua maji mengi ili yapoe kidogo. Yaani unalipa kuchemsha alafu unalipa tena kupoza. Weka ya chini, rekebisha maji kwa mfereji, kwa joto la Kisumu inatosha kabisa.

Kuna pia njia ya zamani ya ndoo na watu wanaiona kama ni ya ushamba lakini hesabu yake ni nzuri. Lita tatu za maji ya kuchemka, yaani birika la lita moja na nusu mara mbili, ukichanganya na lita tisa za mfereji unapata maji ya kuoga moto mzuri tu ndani ya ndoo, na stima iliyotumika ni kama yuniti 0.3. Theluthi ya ile ya shawa ya dakika kumi. Kwa mtoto mdogo hata hauhitaji yote hayo.

Sasa kabla niende kwa friji kuna kitu lazima nieleze kwa sababu ndicho kinafanya hizi yuniti zote ziwe na maana zaidi ya vile watu wanadhani. Bei ya stima ya nyumbani Kenya si moja. Kuna madaraja matatu: anayetumia mpaka yuniti 30 kwa mwezi, anayezidi 30 mpaka 100, na anayezidi 100. Bei mpya zilipoanza Aprili 2023 daraja la kwanza lilikuwa shilingi 12.22 kwa yuniti, la pili 16.30, la tatu 20.97, na hizo ni kabla ya makato. Zimeguswa guswa baadaye lakini mpangilio ndio huo. Na unawekwa kwa daraja kulingana na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita. Kwa hivyo nyumba yenye wastani wa yuniti 105 na nyumba yenye wastani wa 98 zinatumia stima karibu sawa, lakini hazilipi sawa hata kidogo, kwa bei zile za 2023 tofauti kwa yuniti mia moja ilikuwa karibu shilingi 470 hata kabla VAT iingie. Hiyo ni unga pakiti ngapi? Na kwa sababu ni wastani wa miezi mitatu, ukipunguza leo usitarajie bei ishuke kesho, itakuja polepole, usikate tamaa wiki ya pili ukasema hii maneno haifanyi kazi.

Hapo ndipo utaona kwa nini shawa ni mbaya mara mbili. Inakula zenyewe yuniti zake na pia inakusukuma daraja la juu, ndio hata stima ya taa na TV ambayo ungelipia bei ya chini unailipia bei ya juu.

Na bado kuna hayo makato. Ukitumiwa ile meseji ya tokeni usiangalie tu zile namba 20 za kuingiza kwa mita, soma yote, utaona pesa yako imegawanywa, hii ya stima yenyewe, hii ya mengineyo. Mengineyo ni gharama ya mafuta ya kuzalisha stima, tofauti ya dola, mfumuko wa bei, ushuru wa maji, wa EPRA (ile mamlaka inayosimamia bei za stima na mafuta), asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, na VAT ya asilimia 16. Ile ya mafuta na ile ya dola zinabadilika kila mwezi, EPRA ndio hutangaza. Maana yake elfu moja ya mwezi huu na elfu moja ya mwezi uliopita hazikupatii yuniti sawa, na mtu anayehesabu kwa shilingi atakuwa kila siku anashuku jirani amemuunganishia waya. Hesabu yuniti. Andika mita inasoma ngapi Jumapili jioni, andika tena Jumapili inayofuata, toa hiyo ya pili kutoka kwa ya kwanza, jumlisha ulizonunua hapo katikati, utajua nyumba yako inakula ngapi kwa wiki. Mwezi wa kwanza huo ndio wako wa kujipima nao, usijipime na wa jirani, juu hujui jirani ana nini ndani.

Haya, friji.

Friji ni tofauti kwa sababu huwezi kuitumia "dakika kumi", inakaa kwa soketi mwaka mzima. Ile namba ya wati iko kwa friji pia haikusaidii sana, kompresa inawaka na kuzima yenyewe, haiwaki masaa 24. Kinachosaidia ni ile namba ya yuniti kwa mwaka kama imeandikwa. Friji iliyoandikwa 250 kwa mwaka ni kama yuniti 0.7 kwa siku, 21 kwa mwezi. Lakini hiyo ilipimwa ikiwa nzima, imefungwa vizuri, mahali pazuri. Yako iko wapi? Kwa nyumba nyingi za hapa iko kwenye kona imebanwa ukutani, upande mmoja jiko la gesi, juu yake kuna mfuko wa unga na sufuria, na dirisha la mchana linaipiga jua. Kisumu saa nane mchana nje ni digrii 30 na ndani chini ya mabati ni zaidi. Friji haitengenezi baridi kutoka hewani, inachukua joto la ndani inalitoa nje kupitia nyuma au ubavuni, sasa kama hapo nyuma kuna joto tayari na hakuna nafasi ya hewa kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Ivute mbele kiganja kimoja hivi kutoka ukutani. Itoe karibu na jiko. Kama yako ina zile nyaya nyeusi nyuma, chomoa plagi kwanza, zipanguze vumbi na brashi kavu. Hiyo kazi haina gharama hata ya bob moja.

Halafu raba ya mlango. Chukua noti ya hamsini, ifungie kwa mlango nusu iko ndani nusu nje, alafu ivute. Ikikwama vizuri raba iko sawa. Ikitoka tu bila kushikwa, hapo ndipo baridi inatokea usiku na mchana. Jaribu juu, chini, na pande zote, mara nyingi ni kona ya chini upande wa bawaba ndio imechoka. Kabla ununue raba mpya ioshe kwanza na maji moto na sabuni, mafuta na sukari ya soda hukauka hapo inakataa kushika, na kama imepinda, maji ya moto huilainisha ikarudi. Ikikataa kabisa fundi wa friji ataibadilisha, na usimwache aende kabla ya kufanya jaribio la noti mbele yake.

Barafu pia. Ile ya friza ikishafika unene wa kidole sio dalili kwamba friji yako ina nguvu, ni blanketi linalozuia baridi isifike kwa chakula. Zima, toa vitu, weka karai chini, acha iyeyuke yenyewe. Na jamani tuache kuchokoa na kisu, yawa, kisu kikitoboa ule mfereji wa gesi ndani friji imekufa.

Hapa kwetu friza ni samaki. Mtu akitoka ufuo wa Dunga na mbuta mkubwa, au amenunua omena nyingi kwa bei nzuri, ndani yote inaingia mara moja. Samaki akiwa mzima na ana joto la njiani anachukua muda mrefu sana kuganda, mkate vipande kwanza, muoshe, mfunge kwa mifuko bapa bapa, usirundike. Na siku unataka kumpika mtoe friza jioni umweke chini kwa friji, usimweke juu ya meza. Akiyeyuka hapo anaipoza friji bure usiku kucha na wewe samaki wako hajakaa kwa joto la jikoni. Chakula cha moto pia kiache kipoe kwanza, sufuria ya ugali na mboga iliyotoka kwa moto ukiiingiza moja kwa moja, kompresa itafanya kazi ya kupoza sufuria yako jioni nzima.

Kuna watu wanazima friji usiku ili waokoe. Mimi sikubaliani, angalau kwa nyumba iliyo na maziwa na samaki. Asubuhi ukiwasha inafanya kazi ya kurudisha ile baridi yote iliyopotea, unachookoa ni kidogo, na chakula chako kimelala kwa joto ambalo vijidudu vinapenda. Baridi ya friji inafaa kuwa kama digrii 4, ya friza 18 chini ya sufuri, ukizidisha zaidi ya hapo ndio unapoteza stima. Kile kidude cha kuzungusha ndani, kwa friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi, wengine wanafikiria ni kinyume. Lakini kama unaenda ushago wiki nzima na ndani kuna chupa mbili za maji na nyanya, hiyo friji izime kabisa, chomoa, panguza, acha mlango wazi kidogo.

Kupika nitapita haraka. Jiko la koili la wati 1500 ukichemshia maharagwe masaa mawili unaweza kufika yuniti 3, na ndio maana landilodi wanayakataza. Jiko la presha la stima, yale ambayo kampeni ya Pika na Power ya Kenya Power imekuwa ikiyatangaza, lina wati 1000 hivi lakini likishafika presha linazima na kuwaka kidogo kidogo, maharagwe hayo hayo yanaiva chini ya yuniti moja, na githeri pia. Kama una koili na huna presha nunua presha kabla ya kununua kitu kingine chochote. Chai, chemsha maji ya vikombe unavyohitaji tu na yanayobaki yaingie kwa thamosi, kuna nyumba birika linajazwa mpaka juu kwa sababu ya kikombe kimoja cha majani, saa nne tena, saa kumi tena.

Pasi: nguo za wiki piga siku moja, kwa sababu ile dakika kadhaa ya kupata moto unalipia kila mara ukiwasha. Anza na zile nyepesi pasi ikiwa bado inapanda, malizia na nyepesi ukiwa umeshaizima, ule moto unaobaki unatosha skafu na hanchifu. Na watu wanaoamka usiku wa manane kupiga pasi eti stima ni rahisi usiku, hapana, hiyo bei ya usiku iko kwa viwanda na biashara, mteja wa nyumbani bei yake ni ile ile saa saba mchana na saa nane usiku. Lala.

Sasa vile vitu visivyozimwa. Dikoda ya TV, wengi wanazima TV na rimoti wanaacha dikoda inawaka usiku na mchana. Wati 12 masaa 24 kwa siku 30 ni zaidi ya yuniti 8. Rauta ya WiFi ya wati 9 ni yuniti 6 na nusu. Ukiziweka pamoja zimeshinda bulbu zako zote za LED. Ziweke kwa ekstenshoni moja yenye swichi, mnapoenda kulala bonyeza moja tu. Na taa ya usalama ya nje! Nimeona ploti iko na zile bulbu za zamani za wati 60 mlangoni, masaa 12 kila usiku, hiyo ni yuniti 21 na kitu kwa mwezi kwa taa moja. Ya LED ya wati 9 ni 3. Hapo ndipo LED inalipa vizuri zaidi kuliko ile ya chumbani inayowaka nusu saa.

Feni sitawaambia mzime, Kisumu bila feni mwezi wa pili ni mateso. Ni wati 50 au 60 tu, usiku mzima haifiki nusu yuniti. Lakini feni haipozi nyumba, inapoza mtu aliye mbele yake, kwa hivyo kama hakuna mtu chumbani haina kazi hapo.

Mita yenyewe itakuambia mengi ukiiangalia. Nenda pale ilipo, utaona kitaa chekundu kinapepesa na karibu nacho kumeandikwa namba na imp/kWh, inaweza kuwa 1000, 1600, 3200, inategemea mita. Ikiwa ni 1000 inamaanisha kikipepesa mara 1000 ni yuniti moja. Zima kila kitu ndani, chomoa friji pia, angalia. Kikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula ambacho hujakijua, inaweza kuwa waya zimechoka ndani ya ukuta au kuna mtu ameunganishwa na mita yako, na hapo tafuta fundi mwenye leseni, usianze kuvuta waya wewe. Kikinyamaza, rudisha kitu kimoja. Kwa mita ya 1000 kikipepesa kila baada ya sekunde 36 hapo unatumia wati 100, kikipepesa kila sekunde tatu na nusu ni wati 1000. Washa shawa uone. Kitapepesa haraka mpaka huwezi kuhesabu vizuri, zaidi ya mara moja kwa sekunde. Waite watoto waone. Nimegundua mtoto akiona kile kitaa hauhitaji tena kumgongea mlango wa bafuni.

Kama unanunua friji, tafuta kile kibandiko cha nyota. Kanuni za 2016 ziliagiza friji zinazouzwa Kenya ziwe na kibandiko cha nguvu za umeme, na nyota zikiwa nyingi ndio inakula kidogo. Friji za ng'ambo zilizotumika zina bei tamu na nyingine ni kubwa za kuvutia, na najua kwa nini watu wanazinunua, ukiwa na elfu kumi na kitu mfukoni hauna chaguo nyingi. Lakini friji kuukuu ya milango miwili inaweza kula yuniti 2 au 3 kwa siku mahali mpya ndogo ingekula chini ya 1. Yuniti 2 za ziada kila siku ni 60 kwa mwezi. Hata ukihesabu shilingi 20 tu kwa yuniti, hiyo ni elfu moja mia mbili kila mwezi, mwaka mmoja ni zaidi ya elfu kumi na nne. Ungejinyima kidogo ukanunua ndogo mpya. Na popote unapoinunua weka gadi ya friji kwa soketi, stima ya huku magharibi jioni inashuka na kupanda, kompresa ndio huumia.

Ya mwisho ndiyo inanikera zaidi kwa sababu hata ukifanya yote niliyosema haikusaidii ukiwa ndani yake. Ploti za mita moja. Nyumba sita, mita moja ya Kenya Power kwa lango, halafu kila nyumba ina sabmita ya landilodi. Chukua kila nyumba inatumia yuniti 25, watu wa kujinyima kabisa, taa na TV na simu. Kila mmoja angekuwa na mita yake angekuwa daraja la kwanza, ile bei ya chini iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Lakini mita inaona yuniti 150, inahesabu ni mtu mmoja anayetumia sana, inawapiga wote bei ya daraja la tatu. Halafu wengine juu ya hiyo wanaongezewa bob kadhaa kwa yuniti bila maelezo. Nimeishi kwa ploti ya namna hiyo, mwenyewe simtaji, na mama mmoja wa kuuza mboga alikuwa analipia stima ya bulbu mbili bei kubwa kuliko mtu wa Milimani, kule mtaa wa wenye pesa. Hiyo si haki, na haitokani na yeye kuacha taa.

Kwa hivyo unapotafuta nyumba uliza mita kabla hujauliza hata maji. Mita ni ya kwako au ni ya ploti? Tofauti ya kodi ya mia tano inaweza kumezwa na stima hiyo hiyo. Kama tayari mko ndani, ongeeni na landilodi mkiwa pamoja, sio mmoja mmoja. Kuomba mita tofauti kunahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, na cheti cha fundi mwenye leseni kwamba nyaya ziko sawa, si kitu cha kushindikana, na hata yeye inamwondolea kelele ya kila mwezi. Akikataa kabisa, basi angalau mkubaliane sabmita zote zisomwe siku moja mbele ya watu, na meseji ya tokeni ipigwe picha iwekwe kwa grupu ya ploti kila inaponunuliwa, yote, sio zile namba 20 peke yake, ndio kila mtu aone zilinunuliwa yuniti ngapi na kwa pesa ngapi.